Mzee Sebasaza na Majina Yaliyokataliwa na Mashine

Tarehe 31 Desemba 2014 Mzee Déogratias Sebasaza anastaafu, baada ya kuutumikia Ushirika wa Huduma Ziwani kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliajiriwa katika mji wa Baraka, Agosti 1983, akiwa fundi wa foni, yaani ile redio ya upepo iliyotuunganisha na vituo vyetu vya Fizi, Nundu na Uvira. Anatoka akiwa mkuu wa idara ya kompyuta katika ofisi ya Uvira.

Kurugenzi iliniomba mimi niandike wasifu huu kwa kuwa nilikaa naye chumba kimoja Baraka, meza yangu ikitazamana na yake. Waliomba ukurasa wa furaha. Furaha ipo, nami nitaanza nayo. Lakini kuna jambo la mwaka 2002 ambalo wafanyakazi wengi wa leo wamelisikia nusu, na nusu waliyoisikia inamuumiza mtu asiyestahili. Siwezi kumuaga huku nikiliruka.

Mzee Sebasaza ni mtu wa milimani, wa familia za wafugaji. Aliposhuka ziwani mara ya kwanza hakuwa amewahi kula samaki. Kwa miaka miwili, kila siku ambayo jiko la ofisi lilipika ndagala, dagaa wa ziwa letu, yeye alisema ameshiba. Alphonse, dereva wetu wa wakati ule, alimwuliza mbele ya wote: "Papa Sebasaza, we unashibaka na nini? Na upepo ya foni?" Siku hiyo alikula ndagala wanne, akiwahesabu mmoja mmoja kama dawa, na watu wakampigia makofi. Mwisho alizoea, hata akaanza kulalamika wakiwa wachache.

Kwenye foni hakuwa na mpinzani. Alimtambua mtu wa upande wa pili kwa pumzi yake kabla hajasema jina la kituo. Vita vya kwanza vilipofika mwaka 1996, wenzake wa ofisini walikimbia na magodoro. Yeye aliifungua foni vipande vipande, akaifunga ndani ya magunia ya mihogo, akaificha. Waliporudi walikuta ofisi haina mlango wala kiti, lakini kabla ya wiki kwisha sauti ya Baraka ilikuwa imesikika tena Uvira.

Vita vya pili vilianza mwaka 1998 navyo vikatawanya familia kuliko vile vya kwanza. Watu walivuka ziwa, wengine walipanda milima, wengine walifuata ufuo kuelekea kusini. Watoto walipotea njiani. Ushirika ukaanza kazi ya kuandikisha watoto waliotenganishwa na wazazi: kila mtoto fishi yake, yaani kadi yenye jina, umri, alikoonekana mara ya mwisho, na nani anamlea. Kufikia Septemba 2001 tulikuwa na fishi zaidi ya elfu mbili katika masanduku kumi na moja. Mama akija kuuliza habari za mwanawe, tulihitaji siku mbili kupekua, na mara nyingine mvua ilikuwa imetangulia kusoma fishi kabla yetu.

Mkurugenzi wetu, Pasta Norbert, akasema tutafute njia ya kompyuta. Hakukuwa na fundi wa kumwita. Barabara ilikuwa mbaya na wageni waliogopa. Mzee Sebasaza, mwenye miaka hamsini na moja, akasema atajifunza. Mgeni mmoja alimwachia kitabu cha Kifaransa kuhusu lugha ya kompyuta iitwayo Java. Kwa miezi minne aliandika programu zake kwa kalamu, ndani ya daftari la shule, bila kompyuta yoyote. Alizisahihisha kwa kalamu nyekundu na kujipa alama. Mara moja alijipa sifuri, akakasirika mchana kutwa.

Kompyuta ililetwa kwa boti Februari 2002, pamoja na diski tatu kutoka Bujumbura. Tuliiwasha kwa jenereta saa mbili kwa siku, kwa hiyo kila jambo lilifanywa kwa haraka. Kwanza aliingiza vifaa vya Java, halafu ikambidi aieleze kompyuta mahali vilipo. Alikosea njia hiyo kwa sababu ya nafasi moja tupu katikati ya jina la kabrasha, na siku mbili zikapotea. Kisha akaweka seva ya programu, yule mtumishi anayepokea maombi kutoka kwenye kurasa na kuyajibu. Seva ikaamka. Kisha hifadhidata, ghala la majina lenyewe. Nayo ikaamka. Lakini seva ilipobisha hodi kwenye ghala, jibu lilikuwa lilelile: umekataliwa.

Siku ya nne alikaa mbele ya mashine, mikono magotini. Mwishoni akaniambia, "Espérance, hii ni foni. Vituo viwili viko macho, vyote vina umeme, lakini hakuna mwenye alijua fréquence ya mwenzake." Alimaanisha masafa. Akarudi kwenye kitabu. Faili dogo la kuwatafsiria wale wawili halikuwa limewekwa kwenye kabrasha la seva, na ghala lenyewe lilikuwa limeagizwa lisisikilize hodi ya mtu yeyote. Akasahihisha yote mawili. Jenereta ikiwa imebakiza dakika chache, ukurasa ulifunguka ukiwa na nafasi ya kuandika jina. Pasta Norbert aliimba wimbo mzima wa kitabu cha nyimbo, beti zote. Mzee Sebasaza alitoka nje akaenda kunawa uso.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu.

Kabla ya kuanza kazi, aliniomba nijaribu ile programu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa fishi, Mbembe wa hapahapa Baraka. Aliniambia, "Andika majina makumi mbili ya watu wa kwenu. Chagua yale ya nguvu, yenye kusumbua. Mi sijue majina yenu yote." Ilikuwa Ijumaa, na gari la kwenda Mboko kwenye harusi ya binamu yangu lilikuwa linapiga honi nje. Niliandika majina ya ubatizo ya wanakwaya wenzangu: Jacques, Bertin, na wenzao. Yote yaliingia. Akaniuliza, "Hakuna mengine? Hakuna yenye alama alama?" Nikajibu, "Iko sawa, papa. Yote iko sawa." Nikakimbilia gari.

Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba majina mengi ya Kibembe yana ritifaa, ile alama ndogo ya juu tunayoiweka katika neno ng'ombe. M'munga, M'mbondo, M'manga. Kwa ile hifadhidata, alama hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kufungua na kufunga jina. Ilipokutana na M'mbondo, ilidhani jina limeisha kwenye M, na herufi zilizobaki ikaziona upuuzi. Ikakataa fishi nzima.

Kukataa kungeonekana siku ya kwanza kama mashine ingesema. Lakini katika wiki za mwanzo, kila hitilafu ndogo ilijaza ukurasa mistari mirefu ya Kiingereza, na makarani wa Nundu walioletwa kujifunza walishtuka wakidhani wameharibu kompyuta. Ili kuwatuliza, Mzee Sebasaza aliandika amri kwamba seva ikipata shida inyamaze, iyaandike malalamiko yake kwenye faili la ndani, na mbele ya karani ioneshe maneno yaleyale siku zote: Imeingia, asante. Alikusudia kuirekebisha baadaye. Kazi zikamzidi.

Basi kuanzia Machi hadi Agosti tuliandikisha watoto, na mashine ikatushukuru kwa kila jina, hata yale iliyoyatupa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Mboko, Dorothée, ambaye watu walimwita Mama Solange kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Solange M'mbondo alikuwa na miaka sita siku risasi zilipolia sokoni, Januari mwaka ule. Mama alikimbilia mlimani na mdogo mgongoni, Solange akavutwa na watu waliokimbia kwa barabara. Mama Solange alikuja Baraka kwa miguu mwezi wa Aprili. Mimi ndiye niliyetafuta. Mashine ikasema hakuna. Alirudi Juni. Nikatafuta. Hakuna. Nilimwambia avumilie, na nilimwambia vizuri, kwa upole, kama tulivyofundishwa.

Alirudi Agosti, miguu imevimba. Siku hiyo nilikuwa nimeshikwa na malaria, na Mzee Sebasaza alikaa kwenye meza yangu. Waliokuwepo walinieleza, na yeye mwenyewe baadaye. Alitafuta, hakuna. Akaamua kufungua ombi jipya kwa jina la mtoto. Akaandika, akabonyeza, ukurasa ukashukuru.

"Nimeisha kuandika, mama," akamwambia. "Imeingia."

Mama Solange hakusimama. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Jina yake. Mara tatu minatoka Mboko na miguu, na mara tatu munaniambia hakuna. Leo unasema iko mule. Basi mi nataka nione jina ya mutoto wangu mule ndani, na macho yangu."

Akatafuta jina aliloliandika dakika moja iliyopita. Hakuna. Akaandika tena, akatafuta tena. Hakuna. Waliokuwepo wanasema aliondoa mikono kwenye mashine kana kwamba imemchoma. Alifungua lile faili la ndani, la malalamiko ya seva, ambalo hakuwa amelisoma tangu Machi, na humo akayakuta majina yamepangana kwa tarehe, ukurasa baada ya ukurasa. Yalikuwa mia moja sitini na matatu. La Solange lilikuwa la tarehe 11 Machi, lililoletwa na timu ya Nundu.

Fishi yake ya karatasi ilipatikana sandukuni. Mtoto yuko Lusenda, imeandikwa, kwa mvuvi aitwaye Nicolas na mkewe; ana afya, analia usiku. Lusenda iko kwenye barabara ileile ya Mboko hadi Baraka. Mama Solange alikuwa amepita pale mara tano.

Kesho yake walikwenda naye kwa gari la Alphonse. Majirani wakawaambia Nicolas na mkewe walihama mwezi wa Julai, wamekwenda kusini kwa boti, labda Kalemie, labda Moba, na mtoto yupo nao. Mama Solange aliingia kwenye ile nyumba tupu akakaa chini. Alphonse aliniambia hakulia. Aliuliza tu mtoto alikuwa analala upande gani.

Mzee Sebasaza aliirekebisha programu katika siku mbili, na majina yote mia moja sitini na matatu yakaingizwa. Watoto tisini na wanane wa orodha hiyo walipata wazazi wao kabla ya mwaka kwisha. Lakini habari ilikuwa imeenea, na ilikuwa imeenea hivi: fundi wa milimani alitengeneza mashine ya kufuta majina ya Wabembe. Yakumbukwe mambo ya mwaka ule. Watu walikuwa wakiuawa kwa sababu ya kabila tu, wa upande wake na wa upande wangu, na uvumi kama huo haukuhitaji hata siku mbili kufanya kazi yake.

Pasta Norbert aliita mkutano wa wazazi kanisani. Henri, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu mwema aliyekuwa amepoteza wapwa wawili, alisimama. "Mutuelezee. Mbona ni majina yetu tu ndiyo ilikataliwa? Majina ya kwao yote iliingia. Mashini inajua kabila?"

Mzee Sebasaza alisimama. Angeweza kusema: niliomba majina magumu kwa mtu wa kwenu, akanipa mepesi, nikamwuliza mara mbili, akaniambia iko sawa. Mtu huyo alikuwa amekaa benchi la tatu, na wote walimjua. Lau angesema hivyo, uvumi ungefia palepale. Aliniangalia. Ilikuwa muda mfupi sana. Mimi nikaangalia karatasi niliyokuwa nimeishika, ambayo haikuwa imeandikwa kitu.

Akasema, "Mashini haijue kabila. Ni mi ndiye sikujua majina yenu, na niliifunga kinywa ili isisumbue watu. Kosa ni yangu. Minaomba musamaha kwa kila mama."

Hakuna aliyempiga, hilo namshukuru Mungu. Lakini jiwe moja liligonga mlango wake jioni, na siku ya tatu Pasta Norbert alimpakia kwenye boti la Uvira. Aliondoka na mkoba wa nguo na kile kitabu cha Java. Nilikuwa na nafasi ya kwenda ufukweni kumuaga. Sikwenda.

Niseme pia aliyoyafanya baada ya hapo, maana wasifu ni wake. Huko Uvira alijenga upya mfumo wetu wote, na ndio tunaoutumia hadi leo katika vituo saba. Alifundisha mafundi kumi na wanne. Kila aliyepita mkononi mwake anajua somo la kwanza: kabla ya kugusa kitu kingine, unaandika M'mbondo na kuhakikisha imeingia kwa kwenda kuiona ndani ya ghala. Somo la pili: mashine ikiwa na shida, iachwe iseme, hata kama inaudhi. Wanafunzi wake wanamtania kwa hilo, naye anacheka. Hawajui kila mara lilitoka wapi.

Na kila miezi mitatu, kwa miaka saba, aliandika barua kwa parokia, vituo vya afya na shule za Kalemie na Moba kuuliza juu ya msichana mmoja. Nimeziona nakala. Zinabadilika umri tu: ana miaka saba, ana miaka minane, ana miaka tisa. Desemba 2009 mwalimu wa Moba alijibu kwamba yupo.

Mzee Sebasaza alimleta mwenyewe, kwa boti, hadi Baraka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mji huu tangu siku ile, naye alijua hatari yake. Solange alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na mitatu, mwenye adabu, aliyeshika mfuko wake kwa mikono miwili. Mama Solange alimwita kwa Kibembe. Msichana aligeuka kumtazama Mzee Sebasaza, kwa kuwa hakuwa ameelewa neno hata moja.

Alikaa Mboko wiki tatu. Alisaidia kumenya mihogo, akamzoea mdogo wake, akacheka mara mbili tatu. Kisha akaomba kurudi Moba, kwa mama, akasema, yaani mke wa Nicolas. Sasa ameolewa huko. Huandika, na huja kila baada ya mwaka au miwili, kama mgeni mpendwa.

Siku ya kumsindikiza bintiye, Mama Solange alimwambia Mzee Sebasaza, aliyerudi kumchukua, maneno haya mbele yangu: "Papa, ulitafuta wakati wengine walichoka. Mungu aliona. Lakini nisikudanganye. Mutoto mwenye nilipoteza hakurudi. Huyu ni mwingine, na minamupenda, lakini ule wa miaka sita mi ningali minamungoja." Mzee Sebasaza akajibu, "Ndiyo, mama." Nami nilisimama pale, miaka saba ya ukimya kinywani, nikawabebea mfuko.

Mwezi uliopita nilikwenda Uvira na rasimu ya maandishi haya. Nilimsomea kibarazani kwake yeye na mkewe, Mama Mukankuranga. Nilipofika kwenye harusi ya Mboko nilimkabidhi karatasi, naye akamalizia kusoma mwenyewe, polepole, miwani imeshuka puani. Kisha akasema, "Nilijua ungali mutoto, Espérance. Kama ningekutaja, wangeniacha mi na kukugeukia we, na we haukuwa na boti ya kukupeleka." Mkewe alinitazama, akaenda kuleta chai. Nadhani amenisamehe kidogo kuliko mumewe, na ni haki yake.

Nilimwuliza kama atapanda tena milimani, sasa anapopumzika. Alisema kijiji chao hakipo, ng'ombe hawapo, na ndugu wengi wako nchi za watu. Atabaki Uvira. Anasema hana huzuni, lakini alisema akitazama upande wa mlima.

Mzee Sebasaza, kwa niaba ya vituo vyote saba tunakushukuru kwa foni iliyolala ndani ya mihogo, kwa seva iliyoamka jenereta ikikata roho, na kwa mamia ya watoto waliolala tena karibu na mama zao kwa kazi ya mikono yako. Tunakuombea wewe na Mama Mukankuranga siku ndefu, macho mazuri ya kusomea, na wajukuu wengi wa kuwafundisha.

Na mimi binafsi, kwa kuwa maandishi haya yatasomwa kwa sauti kanisani Baraka na vilevile Uvira, nasema mbele ya Papa Henri, mbele ya Mama Solange, na mbele ya kila aliyekuwepo kwenye ule mkutano: majina yale mepesi niliyachagua mimi. Uliniuliza mara mbili nami nikasema iko sawa. Haikuwa sawa. Nenda ukapumzike, papa.

Espérance Bitondo
Kituo cha Baraka